Skripti yangu ya AutoCAD imeongeza mita za mraba 1,311 ambazo kiwanja hakina. Zimetoka wapi?

#1 Mchoraji_Katuba

Jambo yenu. Niko Lubumbashi, nachora mpango wa kugawa kiwanja kimoja upande wa komini Annexe. Mpaka wa nje ni polilaini moja (mistari iliyoungwa kuwa kitu kimoja). Nikiipima kwa amri ya AREA napata mita za mraba 142,380. Ndani yake kuna parseli na barabara.

Parseli nimezipima kwa skripti ya AutoLISP, lugha ya skripti ya AutoCAD, niliyoandika mwenyewe (sawa, nusu nimeandika, nusu nimeokota mtandaoni). Jumla 112,340. Barabara nimepima kwa mkono, moja moja, kwa AREA ileile. Jumla 31,351. Ukijumlisha unapata 143,691. Yaani vilivyomo ndani ya chungu vimezidi chungu, kwa mita 1,311! Hizo ni parseli mbili za ishirini kwa thelathini, na choo juu yake.

Nimechagua parseli tano nikazipiga kwa mkono, zote zimelingana na skripti hadi sentimita. Bosi anataka jedwali Ijumaa. Nani amewahi kukutana na hii?

#2 Bongo_CAD

Salama mkuu. Anza na uniti. INSUNITS (mpangilio wa uniti) ikiwa kwenye milimita na wewe unachora kwa mita, umekwisha. Nusu ya vilio vya humu ni uniti.

#3 DadaKampemba

Bongo_CAD, uniti zikikosewa namba inaruka mara elfu au mara milioni. Huyu amezidisha 1,311 juu ya 142,380, haifiki hata asilimia 1. Uniti haina adabu ya kukosea kidogo namna hiyo. Mchoraji, bandika skripti tuione.

#4 Kipimo_Kenya

Bana, hii ni UTM, ile gridi ya ramani. Mimi niko Kenya hapa, kila siku tunapigana nayo. Ramani inasema kitu kingine, dekameta (utepe wa kupimia) inasema kitu kingine. Gridi inafupisha urefu, ndiyo maana hesabu haikai.

#5 Msanifu_wa_Athi

@Kipimo_Kenya kumbe kuna ndugu yangu humu! Uko Kenya sehemu gani? Mimi niko Athi River.

#6 Kipimo_Kenya

Yaya, ndugu mkubwa, Kenya ya hapa. Komini Kenya, Lubumbashi. Kutoka kwangu hadi kwa Mchoraji pale Katuba ni mwendo wa miguu.

#7 Msanifu_wa_Athi

😂😂 Nilishaanza kukutafutia kazi.

#8 MzeePlanimeta

Salamu, watoto. Kipimo_Kenya, UTM ina dhambi zake na tutazitaja, ila hii si mojawapo. Mpaka wa nje na parseli za ndani viko kwenye mchoro mmoja, gridi moja. Gridi ikifupisha, inafupisha vyote pamoja. Ukipima meza na vitabu vilivyo juu yake kwa rula moja iliyopinda, vitabu haviwezi kuzidi meza kwa sababu ya rula.

Mimi nilianza kazi na planimeta, chombo cha Amsler wa Uswisi, cha tangu 1854. Unafuata mpaka kwa ncha ya sindano na gurudumu linakupa eneo. Jumla ikizidi, tulijua moja kati ya mawili: mkono umetetemeka, au umezunguka parseli moja mara mbili.

#9 Mchoraji_Katuba

Asante Mzee. Dada, skripti hii hapa, sehemu yenye maana:

(setq ss (ssget "_X" '((0 . "LWPOLYLINE") (8 . "PARSELI*"))))

Baada ya hapo, kwa kila polilaini nakusanya pointi zote zenye kodi 10, nazungusha ile hesabu ya kamba za viatu (x ya hii mara y ya inayofuata, toa kinyume chake), nagawa kwa 2.0, najumlisha. Hiyo 2.0 nimeiweka na nukta kwa makusudi. Mwanzoni niliandika 2, na AutoLISP ikigawa namba kamili kwa namba kamili inatupa mabaki bila kukuambia. Kwake (/ 7 2) ni 3.

#10 LISPu_Likasi

Mdogo wangu, kabla ya hesabu yoyote piga (sslength ss) utuambie imeshika polilaini ngapi. Halafu fungua mpango wako uhesabu parseli kwa kidole kama mtoto wa shule.

Hiyo nyota baada ya PARSELI pia inanisumbua.

#11 Mchoraji_Katuba

Skripti: 187.
Kidole: 185.

Nimenyamaza.

#12 Msanifu_wa_Athi

Parseli mbili za mizimu. Ziuze haraka kabla mwenyewe hajarudi.

#13 Bongo_CAD

Kwetu zingekuwa zimeshauzwa mara tatu.

#14 DadaKampemba

Moja naweza kubahatisha: polilaini imelala juu ya mwenzake. Umenakili parseli, ukabandika palepale, jicho haliwezi kuona. Amri ya OVERKILL inaondoa vilivyorudiwa, lakini usiipige kwenye faili lako la kweli. Nakili kwanza, na usikubali kuongeza ile toleransi. Mimi niliwahi kuiachia ikameza ukuta mwembamba mzima wa jengo. Nikajua wakati fundi ananipigia simu kuuliza kwa nini chumba cha kulala na jiko vimekuwa kimoja.

#15 LISPu_Likasi

Na ya pili ni hiyo nyota pamoja na "_X". Watu wanapenda "_X" kwa sababu inashika kila kitu, na shida yake ni hiyohiyo, inashika kila kitu. Kalke umeigandisha, haioni haya, inaingia kuchukua. Kitu kiko kwenye karatasi ya kuchapia na si kwenye modeli, inachukua. Tafuta kama una kalke ya zamani ambayo jina lake linaanza na PARSELI.

#16 Bongo_CAD

Kalke ndiyo nini?

#17 LISPu_Likasi

Ndiyo leya yenu, tabaka la mchoro. Sisi AutoCAD yetu inaongea Kifaransa.

#18 Mchoraji_Katuba

Mmeshinda. Nimekuta mbili:

Parseli ya 44 imechorwa mara mbili, moja juu ya nyingine. Mita 600 kamili.

Kuna kalke inaitwa PARSELI_ZAMANI, imegandishwa tangu mwezi uliopita wakati mteja alipobadilisha kona ya kusini. Ndani kuna parseli moja ya zamani, mita 548.

1,311 toa 600 toa 548, inabaki 163. Hizo 163 bado zipo.

#19 Kipimo_Kenya

SUBIRINI.

Lubumbashi iko karibu na meridiani ya 27, ambayo ndiyo ya kati kwenye zoni ya 35. Pale katikati kipimo cha UTM ni 0.9996, hapa kwetu kama 0.99963. Ongeza mwinuko, tuko mita 1,200 na zaidi juu ya bahari. Ukizidisha hivyo viwili, mita 100 za ardhini zinasomeka kama 99.94 kwenye gridi. Kwenye eneo tofauti inakuwa karibu 0.00112.

142,380 mara 0.00112 = 159.

Mlisema imebaki ngapi? 163? Mzee, naomba radhi zangu nizipokee kwa bukari (ugali) na kapenta (dagaa).

#20 MzeePlanimeta

Hesabu yako ya gridi ni nzuri kabisa, nimeipitia, sina neno. Lakini umejibu swali ambalo mtoto hakuuliza. Hajafananisha mchoro na ardhi, amefananisha mchoro na mchoro. Kapenta nitakula mimi.

#21 Msanifu_wa_Athi

159 na 163 ziko karibu sana lakini. Mimi naona ndiyo hiyo.

#22 DadaKampemba

Athi, ukitafuta namba inayofanana na 163 utaipata hata kwenye namba ya basi. Mchoraji, kiwanja kina rondi-puenti, mzunguko wa barabara?

#23 Mchoraji_Katuba

Kipo kimoja katikati. Nusu kipenyo mita 18, barabara nne zinaingia. Kwa nini?

#24 LISPu_Likasi

Dada ameniwahi. Umesema unakusanya kodi 10 tu. Kodi 10 ni pointi, kona. Polilaini yenye tao inahifadhi tao lake kwenye kodi 42, na namba iliyomo ni tanjenti ya robo ya pembe ya tao. Tao la digrii 60 litaandikwa 0.268. Skripti yako hiyo 42 haiisomi hata siku moja. Kwake kila tao ni mstari ulionyooka kutoka kona hadi kona. Ukimpa duara zima lililochorwa kama polilaini ya pointi mbili, atakuambia eneo lake ni sifuri, na hatatahayari.

#25 Kipimo_Kenya

Hapo sasa niwakosoe na mimi. Parseli iliyo kando ya rondi-puenti na barabara yake wanagawana tao lilelile. Skripti ikinyoosha tao, parseli inapata kipande, barabara inapoteza kipande hichohicho. Jumla haibadiliki. Kwa hiyo tao haliwezi kuleta 163.

#26 DadaKampemba

Ingekuwa hivyo kama vyote vimepimwa na skripti. Rudi #1 usome taratibu: parseli kwa skripti, barabara kwa mkono, kwa AREA. Na AREA inasoma tao vizuri. Kwa hiyo parseli zimepewa kile kipande, na barabara hazikunyang'anywa. Kimehesabiwa mara mbili.

Barabara nne, kila robo ya duara digrii 90. Mchoraji, kila parseli ya kona imeliwa digrii ngapi?

#27 Mchoraji_Katuba

60. Mdomo wa barabara unachukua 30.

#28 DadaKampemba

Basi kipande kati ya tao na mstari: 18 mara 18, gawa kwa 2, zidisha na (1.0472 toa 0.8660). Ni 29.35 kwa parseli moja. Mara nne, 117.4.

163 toa 117.4 inabaki kama 46.

#29 MzeePlanimeta

Swali dogo kwa Mchoraji. Zile parseli tano ulizopima kwa mkono ukasema zote zimelingana, zilikuwa na umbo gani?

#30 Mchoraji_Katuba

...mstatili zote, Mzee.

#31 Bongo_CAD

Amesahihisha mitihani ya watoto wenye akili tu 😂

#32 LISPu_Likasi

Dawa yake si kuandika hesabu ya matao mwenyewe, utapoteza wikendi. Ondoa kamba za viatu zote, mwanzoni weka (vl-load-com), halafu kwa kila kitu mwite (vlax-curve-getArea e). Anasoma matao mwenyewe. Na kichujio kiwe hivi:

(ssget "_X" '((0 . "LWPOLYLINE") (8 . "PARSELI") (410 . "Model")))

Bila nyota. Hiyo 410 inamfungia kwenye modeli. Ukipenda mwongeze sharti la polilaini iliyofungwa, maana iliyo wazi naye anaihesabu kana kwamba umeifunga, na hatakuambia.

#33 Mpya_Ruashi

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina shida nyingine: skripti za mtandaoni zinakataa kabisa kwenye mashine yangu. Inaniandikia amri haijulikani. Kwa rafiki yangu wa Kitwe, faili hilohilo linakwenda.

#34 LISPu_Likasi

Rafiki yako wa Zambia ana AutoCAD ya Kiingereza, wewe ya Kifaransa. Skripti inasema "AREA", ya kwako inajua "AIRE". Weka kistari cha chini mbele: "_AREA", "_LINE". Kistari hicho kinasema amri hii ni ya kimataifa, ielewe popote. Ukiona watu wameandika "_.AREA" na nukta, nukta inaita amri ya asili, hata kama kuna mtu ameibadilisha. Na chaguo za ndani pia zinahitaji kistari: "_O" na si "O". Hapo ndipo wengi wanaanguka, wanaweka kwenye amri wanasahau kwenye chaguo.

#35 Mpya_Ruashi

Imekubali! Aksanti sana yaya.

#36 Msanifu_wa_Athi

Na kama una LT, ile AutoCAD ndogo, ya zamani usijisumbue. AutoCAD LT ilipewa AutoLISP kwenye toleo la 2024. AutoCAD kubwa inayo tangu 1986. Waliotumia LT hapo katikati walikuwa wanatutazama sisi dirishani.

#37 Mlima_Bukavu

Habari za Lubumbashi. Hizo 46 zilizobaki, mimi naleta mshukiwa mwingine: OSNAP.

Nilikuwa na skripti inapima umbali kwa (command "_DIST" p1 p2). Nikikaribisha zumu inanipa 12.40, nikirudisha zumu nyuma inanipa 12.15. Pointi zilezile! Siku mbili nilidhani kompyuta imelogwa. Kumbe OSNAP ikiwa imewashwa, hata pointi inayotoka kwenye skripti inavutwa na kona iliyo jirani. Na "jirani" inapimwa kwa pikseli za skrini, kwa hiyo ukiwa mbali, kona ya mita nyingine inakuwa jirani. Sasa naweka "_non" kabla ya kila pointi, au nazima OSMODE mwanzoni na kuirudisha mwishoni. Ukisahau kuirudisha, mwenye mashine atakutafuta.

#38 Kipimo_Kenya

Ila skripti yake haitumii DIST wala haitumi pointi yoyote kwa command. Inasoma kutoka kwenye faili moja kwa moja. Mlima, hiyo si hapa.

#39 Mlima_Bukavu

Inasoma ndiyo, lakini hizo parseli alizichoraje? Alipochora, OSNAP ilikuwa imewashwa au la? Kona ya parseli ya 12 inaweza kuwa sentimita tano ndani ya parseli ya 13. Parseli 185, kila moja ikimla mwenzake sentimita moja tu kwenye ukuta wa mita 30, hesabu mwenyewe. 46 haziko mbali.

Kwetu Bukavu tuna mabaya zaidi, parseli zimesimama kama ukuta. Mteja anavuta dekameta juu ya mteremko, anapata mita 30. Mteremko ni digrii 25. Kwenye ramani hiyo ni 27.19, kwa sababu ramani inapima kilicho bapa. Anakuja ofisini anasema skripti yangu imemwibia karibu mita tatu. Ukimweleza kosaini anauliza kosaini ni mtoto wa nani.

#40 Goma_Mawe

Afadhali nyinyi mna kona. Huku Goma, Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikafunika nyumba na mawe ya mipaka pamoja. Watu walijenga upya juu ya jiwe jipya, chini yake kuna mpaka wa zamani ambao hakuna anayeuona. Aliyekuwa na koordinati alirudi palepale. Aliyekuwa na "kuanzia mwembe hadi nyumba ya mwalimu", mwembe umeungua na mwalimu amehama.

Skripti kwetu inapima haraka sana. Kubishana ndiko kunachukua miaka.

#41 Bongo_CAD

Turudi kwenye 46 jamani. Mimi nilimwomba akili bandia aniandikie skripti ya kutafuta vilivyopandana. Ikaandika vizuri, na maelezo juu, ikaita funksheni ambayo haipo duniani. Nilipomwambia haipo, akaniomba radhi akaandika nyingine isiyokuwepo.

#42 LISPu_Likasi

Haihitaji funksheni. Kwenye nakala ya faili, geuza parseli na barabara zote kuwa REGION, pima jumla ya maeneo yao. Halafu piga UNION, pima ile moja iliyotokea. Ikiwa muungano ni mdogo kuliko jumla, tofauti ndiyo iliyopandana. Mlima atajua kama yuko sawa.

#43 MzeePlanimeta

Mimi kwa planimeta nisingeota hata ndotoni kufikia 46 kwenye 142,380. Hiyo ni tatu katika elfu kumi. Tungefunga daftari, tungekwenda kunywa chai na mikate.

#44 DadaKampemba

Mzee, heshima zote, lakini wewe ulikuwa na sababu, mkono na gurudumu. Kompyuta haina mkono wa kutetemeka. Ikionyesha 46, kuna mstari mahali fulani ambao uko vibaya, na mstari huo ni ukuta wa mtu kesho. Hata zikiwa 4 ningetafuta.

#45 MzeePlanimeta

Na huyo mtu wa ukuta atajenga kwa kamba na vigingi, binti yangu, kamba inayolegea katikati. Utatafuta sana.

#46 Mpya_Ruashi

Swali nje kidogo. Nikitoa orodha ya vipimo kutoka AutoCAD kwenda Excel, upana wa 12.5 unageuka kuwa 12 Mei. Nani ameniroga?

#47 Kipimo_Kenya

😂😂😂 Karibu. Excel ya Kifaransa inataka mkato, AutoCAD inatoa nukta. 12.5 anaiona ni tarehe. 600.45 haiwezi kuwa tarehe, kwa hiyo anaiacha kama maandishi, na SUM inaruka maandishi bila kukuambia. Ile iliyogeuka tarehe inajumlishwa kama siku tangu mwaka 1900, zaidi ya 45,000. Mimi niliwahi kumpelekea mteja jumla ya upana wa vyumba ambayo ingemeza nyumba yake na ya jirani hadi Kipushi. Alikuwa mpole, aliuliza tu kama nimekunywa. Tumia ile njia ya kuingiza data kwenye Excel, mwambie mwenyewe nukta ndiyo desimali, usibofye faili mara mbili.

#48 Msanifu_wa_Athi

Ndiyo maana mimi napeleka vyote QGIS, programu ya ramani. Ni ya bure na inapima yenyewe, hakuna skripti.

#49 Kipimo_Kenya

Na kwenye QGIS utakutana na mimi tena. Andika area(@geometry) upate namba moja, andika $area upate nyingine. Ya kwanza inapima bapa, kwenye gridi. Ya pili inafuata elipsoidi (umbo la dunia) uliyoweka kwenye mradi. Hapa Lubumbashi, hekta moja ya gridi itakuwa 10,000 kwa ya kwanza na kama 10,007 kwa ya pili. Na ardhini, pamoja na mwinuko, kama 10,011. Namba tatu, shamba moja, na zote ni za kweli.

Kwa parseli ya 600 tofauti ya gridi na ardhi haifiki hata mita moja ya mraba, kwa hiyo mteja mwenye dekameta asiwatishe nayo. Ila mwenye hekta mia atawatisha.

#50 MzeePlanimeta

Umenena. Ongeza na hili, maana vijana wanalisahau: ramani za zamani za Katanga hazikuchorwa kwa elipsoidi ya GPS. Zilitumia Clarke 1866 na datumu yake yenyewe. Ukiiskani ramani ya zamani ukaibandika chini ya mchoro wa leo bila kuigeuza, mipaka yote itahama pamoja. Eneo litakuwa zuri, mahali patakuwa pa jirani.

#51 Mchoraji_Katuba

Samahani, umeme ulikatika tangu jana jioni. Nimefanya ya LISPu kwenye nakala.

Muungano umepungua kwa mita 28 kuliko jumla. Kwa hiyo Mlima alikuwa sawa, zinapandana. Karibu zote ziko kwenye mstari wa parseli 12 hadi 31, nilizochora siku ya kwanza kabla sijawasha OSNAP ya kona.

46 toa 28, bado 18 kasoro. Naanza kuzizoea, nitazipa jina.

#52 Mlima_Bukavu

Aksanti. Bukari na kapenta ije kwa mtumbwi.

#53 LISPu_Likasi

18 hizo hazijapandana, UNION ingeziona. Kwa hiyo ziko nje. Parseli au barabara fulani imetoka nje ya mpaka. Chukua ule muungano, SUBTRACT mpaka wa nje kutoka kwake, kitakachobaki ndicho kilichotoka. Mimi naanza kuushuku mpaka wenyewe. Jamani, tangu #1 tumeshtaki parseli na hakuna aliyeuliza mpaka ulichorwa na nani.

#54 Mchoraji_Katuba

Mpaka nilipewa. Ni faili la mpimaji aliyekuja kabla yangu. Na barabara ya kaskazini pia sikuichora mimi, niliinakili kutoka kwenye mchoro wake wa shambani.

#55 Kipimo_Kenya

Wa shambani??? Urefu wa ardhini au wa gridi?

#56 Mchoraji_Katuba

Wa ardhini, nadhani. Alipima kwa dekameta.

#57 Kipimo_Kenya

MZEE UKO WAPI. Barabara ya kaskazini ina ukubwa gani? Ikiwa ni nusu ya barabara zote, 31,351 gawa kwa mbili, mara 0.00112. Inakuja 17.6! Mchoro na mchoro, ndiyo, lakini mmoja ni wa gridi na mwingine wa ardhi!

#58 DadaKampemba

Ungekuwa sawa kama barabara ingekaa peke yake. Ikivimba, inavimba kuelekea wapi? Ndani inapanda parseli, na UNION ingeishika. Nje inatoka kwenye mpaka, na hapo ni hoja ya LISPu, si yako.

#59 Kipimo_Kenya

Inatoka nje KWA SABABU imevimba. Wewe unasema mahali, mimi nasema sababu.

#60 MzeePlanimeta

Nipo, nilikuwa kanisani. Kipimo, kijana wangu, nusu ya kapenta nakupa. Dekameta ya mpimaji yule naijua namna yake, ikilegea inasoma zaidi kuliko ukweli, na hiyo nayo inavimbisha barabara bila gridi yoyote. Kwa nini iwe 17.6 yako na isiwe kamba yake?

#61 Mchoraji_Katuba

Barabara ya kaskazini ni 9,870. Si nusu.

#62 Kipimo_Kenya

...basi ni 11. Zingine 7 ni kamba ya Mzee.

#63 Mchoraji_Katuba

SUBTRACT imenipa utepe mwembamba wote upande wa kaskazini, upana kama wa kiganja, urefu mita mia na kitu. Jedwali nimempa bosi na safu moja ya "tofauti", amesema tuipeleke hivyo lakini kesho saa 1 asubuhi tunakwenda kuusoma ule ukuta wa kaskazini wenyewe. Kipimo, wewe uko karibu, njoo na dekameta yako, ya chuma, si ya kitambaa. Mzee amesema atakuja kushika ncha.